UZI: Ndoa iliyokuwa imefika Baraza la Kata, na jinsi imani ilivyoirudisha nyumbani

#1 Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na wadau ambao si wa imani hii, salamu zenu nyingi, karibuni.

Mtu akisema ndoa yake inakufa, ushauri anaopewa mara nyingi ni wa namna mbili. Walokole watamwambia avumilie, aombe, Mungu atatenda. Wa mtaani watamwambia aachane naye, dunia ina watu wengi. Mimi na mume wangu ni wasimamizi wa ndoa katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa Dar es Salaam, na kwa kadiri tulivyoona, ushauri wote huo humwacha mtu palepale alipokuwa. Ninachokiamini kwa moyo wote ni hiki: imani inaponya ndoa pale inapokuwa toba yenye matendo, mbele ya watu watakaokuuliza umefikia wapi. Kumwombea mwenzako abadilike huku wewe na yeye hamjaambiana ukweli nimeona kukizeesha watu bure.

Nitasimulia familia moja. Wameniruhusu, ila majina si yao na baadhi ya mambo nimeyaacha. Tuwaite Baba Junior na Mama Junior.

Ni watu wa Kilimanjaro, walifunga ndoa kanisani, sisi tukiwa wasimamizi wao, kwa shangwe zote mnazozijua: kamati, send-off, ukumbi, ng'ombe wawili. Mume ni fundi umeme wa majengo, mke ana duka la vitenge. Tulipoanza kuwa karibu nao tena walikuwa hawasemeshani. Mawasiliano yote yalipitia kwa mtoto wa darasa la nne. "Junior, mwambie baba yako gesi imeisha." Baba yuko hapo hapo sebuleni, anasikia. "Mwambie mama yako hela iko juu ya friji." Mtoto anasimama katikati ya watu wawili wanaosikiana vizuri tu, anarudia maneno yao neno kwa neno, na ameshajifunza kuondoa yale makali kabla ya kuyafikisha. Nililiona hilo kwa macho yangu na sikulala vizuri usiku ule.

Chanzo? Kilikuwa zaidi ya kimoja. Mume alikuwa na nyumba ndogo na mtoto nje. Kiwanja walichonunua wote wawili kwa kudunduliza alikiuza kimyakimya, mke akaja kuambiwa na mjumbe. Mke naye, ada za watoto zilipokwama, aliingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, bila kumwambia mtu, hadi siku vijana wa mkopeshaji walipokuja kubeba friza ya dukani na televisheni ya sebuleni, watoto wakiangalia.

Katika hali hiyo Mama Junior alianza kuzunguka kwenye huduma za maombezi. Alikesha, alifunga, alinunua mafuta na maji. Kwa mtumishi mmoja aliambiwa ndoa yake imefungwa na mama mkwe. Tangu hapo akaacha kumsalimia yule bibi, na simu za kijijini akawa hapokei. Niseme kwa uchungu kabisa: mwanamke aliyekwenda kutafuta uponyaji alirudi nyumbani na adui wa pili. Mume wake alikuwa anamsaliti kwa miguu yake mwenyewe na akili zake timamu, lakini lawama akapelekewa mama mzee wa miaka sabini anayechuma kahawa Machame. Hilo likampa mume nafasi ya kujificha. Kama ni uchawi wa mama, yeye atubu nini?

Mwishowe Mama Junior akaenda Baraza la Usuluhishi la Kata kutafuta hati ili afungue shauri la talaka. Naendelea chini.

#2 Mleta uzi

Wengi hawajui umuhimu wa baraza hili, ngoja nieleze kidogo. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, mtu hawezi kupeleka ombi la talaka mahakamani kabla mgogoro haujapita kwenye baraza la usuluhishi na baraza likathibitisha limeshindwa kuwapatanisha. Kuna hali chache zilizosamehewa, kwa mfano mwenzako amekutelekeza na hujui aliko. Kila kata inatakiwa kuwa na baraza, na jumuiya za dini nazo zinaweza kupewa mamlaka hayo. Ile hati huambatanishwa na ombi, na isiwe imezidi miezi sita. Kwa hiyo hata sheria ya nchi inataka watu wakae kwanza.

Baraza liliwaita wote wawili. Mzee mmoja pale akawauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa miaka mingi nyuma: "Wasimamizi wenu wako wapi?" Ndipo tukapigiwa simu.

Hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo, kwa sababu linaniuma. Zamani wasimamizi wa ndoa walikuwa watu wa ndoa iliyopitia jua na mvua, wanaokaa na maharusi kabla na baada. Sasa hivi wanachaguliwa kwa sababu wana gari la kubeba maharusi, au wanatoa mchango mnono, au wanapendeza kwenye picha. Kamati inakaa vikao miezi minne kujadili ukumbi na keki, na hakuna anayeuliza wasimamizi watawatembelea hawa vijana lini. Sherehe ikiisha kila mtu anachukua njia yake. Ningekuwa na sauti ningesema mchungaji asikubali jina la msimamizi bila kumwita yeye na mwenzi wake na kuwahoji.

Turudi. Tulikwenda kwa mchungaji wetu. Nilitegemea ataomba, awawekee mikono, tuimbe pambio, twende nyumbani. Alikataa. Alifungua Mathayo 5, pale Yesu anaposema ukiwa unatoa sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, enda kwanza ukapatane naye. Akasema, "Tutaomba. Lakini kwanza mtasema."

Tukakubaliana mambo: hakuna kupaza sauti, hakuna kumtaja mzazi wa mwenzako, anayesema amalize, na hakuna mtoto nyumbani siku ya kikao. Watoto walikuwa kwetu, wanangu wakicheza nao.

Baba Junior kwa kikao kizima cha kwanza alizungumza kwa mafumbo. "Nimekosea kama binadamu." "Shetani alinipitia." Mchungaji akamwambia Mithali 28:13 haisemi afichaye dhambi zake atasamehewa kwa sababu ni binadamu, inasema hatafanikiwa, bali aziungamaye na kuziacha ndiye atapata rehema. Akamtaka aseme kwa jina: nani, tangu lini, mtoto ana umri gani, kiwanja kiliuzwa shilingi ngapi, fedha zilikwenda wapi. Ilichukua vikao. Siku alipoyasema yote, mke wake hakulia. Alisema tu, "Asante. Nilikuwa nadhani ninaumwa kichwa." Kwa miaka alikuwa anaambiwa ana wivu, anabuni vitu. Kupewa ukweli kulimrudishia akili yake.

Naye akasema ya kwake: mikopo yote, na maneno aliyomsambazia mama mkwe kwa majirani na kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa, VICOBA. Wapendwa, makosa haya hayakuwa na uzito mmoja na hatukuyapima kana kwamba yanalingana. Kuna wasuluhishi wana tabia ya kusema "wote mmekosea, peaneni mikono, yaishe." Aliyeumizwa zaidi akisikia hivyo anajua hajasikilizwa. Kila mmoja alitubu la kwake kwa ukubwa wake.

#3 Mleta uzi

Baada ya maneno yakaja matendo, na hapa ndipo ndoa ilipoponea.

Mnakumbuka Zakayo katika Luka 19? Hakusema "nimeokoka" akanyamaza. Alisimama akataja nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Mchungaji alimuuliza Baba Junior: wewe utarudisha nini? Kiwanja kilishakwenda. Akaamua mwenyewe kwamba kiwanja cha pili walichobaki nacho, ambacho karatasi ya mauziano ilikuwa na jina lake peke yake, kiandikwe majina mawili. Walikwenda serikali ya mtaa wote wawili na mashahidi, ikafanyika. Mume wangu alikuwepo. Anasema Mama Junior aliishika ile karatasi akasoma jina lake, akalirudia kulisoma.

Madeni yakaandikwa kwenye kaunta buku moja kubwa. Ya mume ukurasa wa kushoto, ya mke wa kulia, jumla chini. Wakaanza na kausha damu kwa sababu riba yake ilikuwa inakula mtaji wa duka. Kila fedha inayoingia wanaiona wote.

Mtoto wa nje lilikuwa jambo gumu kuliko yote. Mama Junior alitaka isiwepo habari yake kabisa. Mchungaji kwa upole akamwambia mtoto hakutenda dhambi, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inambana baba kumtunza. Wakakubaliana kiasi cha kila mwezi, kinatumwa kwa simu, mke anaona meseji ya muamala, na mawasiliano na mama wa mtoto yapitie kwa dada wa Baba Junior. Mahusiano yakakatwa. Matunzo hayakukatwa.

Kisha wakaenda kupima. Nalisema wazi kwa sababu kanisani tunaona aibu kulitaja. Mtu aliyekuwa na mahusiano nje asirudi kitandani kwa sababu tu mmeomba pamoja. Walipima VVU na magonjwa mengine, wakarudia baada ya miezi mitatu, na kipindi chote hicho walilala vyumba tofauti kwa kukubaliana. Wanaume wanaopenda kunukuu 1 Wakorintho 7 kwamba msinyimane, wasome na mstari wa 4 hadi mwisho: unasema mume naye hana amri juu ya mwili wake, mkewe anayo.

Kwa utaratibu wetu Baba Junior alikuwa ametengwa, hakuwa anashiriki Meza ya Bwana. Alipitia mafundisho akarudi kundini Jumapili, mbele ya usharika. Najua wapo wanaoona ni kudhalilishana. Yeye aliniambia kuwa siku ile mzigo wa kujificha ulimtoka, kwa sababu waliokuwa wanamsema pembeni sasa walikuwa wanamwombea wakijua wanachokiombea.

Desemba wakapanda Machame. Wachaga wenzangu mnajua habari ya isale. Lile jani likiletwa na mtu anayeomba msamaha, kulikataa ni jambo zito sana. Baba Junior na baba yake mdogo walikwenda nalo kwa wakwe, wakaliweka, akasema alichomtendea binti yao. Siku iliyofuata Mama Junior, bila kuambiwa na mtu, akakata isale kwenye uzio akampelekea mama mkwe jikoni. Yule bibi alikuwa anamenya ndizi. Hakujua aliwahi kuitwa mchawi mjini, alikuwa anajua tu kwamba mkwe hapokei simu. Akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea, akamwambia, "Kaa unisaidie kumenya."

#4 Mdau wa Mbeya

Ubarikiwe sana mama mchungaji. Swali: walirudi wakakaa tu vizuri? Maana sisi tulisuluhishwa, wiki tatu asali, mwezi wa pili vita upya.

#5 Mleta uzi

Mimi si mama mchungaji kaka yangu, ni mzee wa kanisa tu. Umeuliza la maana.

Hapana, haikwenda moja kwa moja. Miezi kadhaa baadaye mume alituma fedha kwa yule mwanamke nje ya utaratibu, akafuta meseji. Ikajulikana. Mama Junior alichukua nguo zake na watoto akaenda kwa dada yake Tabata, na hatukumzuia. Mume alitaka kwenda kumfuata usiku uleule na mchungaji, "akaombewe moyo ulainike." Tukamwambia hapana, anayetakiwa kulainika ni yule aliyefuta meseji. Alirudi kwenye kikao peke yake, akasema alichofanya na kwa nini, akampa mume wangu taarifa ya miamala ya simu yake ya miezi yote. Wiki chache baadaye mke alirudi kwa masharti yake, na la kwanza lilikuwa kwamba simu haina nywila ya siri.

Ninyi huenda mlipatanishwa bila kuwekwa chini ya mtu wa kuwauliza. Kikao kimoja hakitoshi. Tulikuwa tunakwenda kwao kila wiki mwanzoni, kisha kila mwezi, na hadi leo tunapita.

Kingine kilichowasaidia ni daftari la pili. Kila jioni kila mmoja anaandika dakika kumi kuhusu alivyojisikia siku hiyo, wanabadilishana, wanasoma, wanaongea dakika kumi nyingine. Basi. Utaratibu huu haukuanzia kwetu, ulitoka kwenye Marriage Encounter ya Wakatoliki, iliyoanzia Hispania kwa Padre Gabriel Calvo mwaka 1962, na Waprotestanti nao waliupokea. Mtu ambaye hawezi kusema kwa mdomo bila ugomvi anaweza kuandika. Mama Junior alinionyesha mstari mmoja alioandika mumewe: "Leo umeniuliza kazi imeendaje. Sikumbuki mara ya mwisho kuulizwa hivyo." Yeye alikuwa ameuliza kwa mazoea tu, hakujua limeingia ndani kiasi kile.

#6 Mdau wa Songea

Mnawakandamiza wanaume. Biblia imeandika mke amtii mumewe. Kuanza kuonyeshana miamala na kuandikiana majina mawili ni uzungu.

#7 Mleta uzi

Kaka, nakujibu kwa heshima. Waefeso 5 mstari wa 22 unaoutaja umetanguliwa na wa 21, unaowaambia waumini wote wanyenyekeane katika kicho cha Kristo. Kisha mume anaambiwa ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Ukipima urefu wa maneno, Paulo aliwapa waume maelekezo mengi zaidi kuliko wake. Na Petro anaongeza jambo la kutisha katika 1 Petro 3:7: mume asiyekaa na mkewe kwa akili na kumheshimu, maombi yake yanazuiliwa. Mimi nimeona wanaume wanaofunga siku nyingi wakilalamika Mungu hawajibu, na wake zao hawajasemeshwa tangu Pasaka.

La majina mawili, Sheria ya Ndoa yenyewe inakataza mwenzi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kifungu cha 59. Na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imetambua kazi za nyumbani za mke kuwa ni mchango katika mali ya ndoa. Waliolitetea hilo ni majaji wetu wa hapahapa.

#8 Mdau (ameomba asitajwe mkoa)

Dada, nimesoma hadi nimetetemeka. Wangu ananipiga. Mwaka jana alinivunja mkono. Kanisani wameniambia Mungu anachukia kuachana, nirudi nikamnyenyekee, atabadilika. Nina watoto wawili. Hiyo njia yako itanifaa?

#9 Mleta uzi

Mdogo wangu, hapana. Haikufai kwa sasa. Nilichosimulia ni watu wawili wanaoweza kuketi chumba kimoja bila mmoja kuogopa. Anayepigwa hawezi kusema ukweli mbele ya anayempiga, kwa sababu atarudi naye nyumbani.

Toka kwanza, wewe na watoto, nenda mahali asipoweza kukufikia kwa urahisi. Nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, chukua PF3 (fomu ya polisi ya kupelekea hospitali), nenda hospitali, hifadhi nakala za vyeti vyote kwa mtu unayemwamini. Watoto wakiwa hatarini piga 116, ni bure. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Ustawi wa Jamii wa wilaya wapo kwa ajili hii.

Na hilo la Malaki 2:16 nakuomba uwarudishie waliokuambia. Wanasoma nusu ya mstari. Mstari huohuo unaendelea kwa kumtaja yule aifunikizaye nguo zake kwa udhalimu, na juu yake maneno ni makali vilevile. Paulo katika 1 Wakorintho 7:11 anajua kwamba mke anaweza kuwa ametengana, anazungumza naye bila kumfukuza kanisani. Wakatoliki wanayo katika sheria yao, kanoni ya 1153, kwamba mwenzi anayeweka mwili au roho ya mwenzake au watoto katika hatari kubwa amempa mwenzake sababu halali ya kuondoka. Papa Fransisko mwaka 2016, katika waraka wake juu ya familia, namba 241, aliandika kwamba kuna nyakati kutengana kunakuwa wajibu wa kimaadili, pale inapobidi kumwokoa mwenzi dhaifu na watoto na ukatili.

Kumsamehe utamsamehe Mungu akikupa neema hiyo, na unaweza kumsamehe ukiwa kwa dada yako. Toba yake, kama ni ya kweli, itaanzia kwa kukubali polisi na kukubali umbali. Akisema ametubu huku anakutaka urudi leo leo, bado hajatubu. Nimekuandikia faragha, tafadhali nijibu.

#10 Mdau wa Tanga

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, nimefuatilia uzi wote. Kwetu Qur'ani, Suratun Nisaa aya ya 35, inaagiza mkihofia mfarakano, atumwe mwamuzi kutoka watu wa mume na mwamuzi kutoka watu wa mke. Nimeona hapo kwa baba mdogo na isale kuna kitu kinachofanana. Shida yetu ni moja: waamuzi wanatafutwa nyumba imeshaungua.

#11 Mleta uzi

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Umesema kweli, na nashukuru. Ndiyo maana nimekwambieni swali la yule mzee wa kata lilinigusa. Mgogoro ungeletwa kwetu siku kiwanja kilipouzwa, tusingefika kwenye friza kubebwa.

#12 Mdau wa Nairobi

Huku kwetu Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inaruhusu waliofunga ndoa ya Kikristo kutafuta upatanisho kwa vyombo vya kanisa walikofungia ndoa. Lakini wengi hukimbilia wakili kwanza. Swali langu: je, mwenzako akikataa kabisa? Bwanangu hataki kusikia neno mchungaji.

#13 Mleta uzi

Hili ndilo linaloulizwa zaidi, na sitakupa ahadi nisiyoweza kuisimamia. Wapo wanaokataa hadi mwisho.

Lakini upande wako unaweza kuanza. Petro aliwaambia wanawake wenye waume wasiolitii neno kwamba wanaweza kuvutwa pasipo neno, kwa mwenendo. Sisi hufanya kinyume: neno tunaongeza, mwenendo unabaki uleule. Tunamwachia Biblia imefunguliwa mezani, tunamwekea mahubiri kwa sauti kubwa, tunawaambia watoto "ombeni baba yenu aokoke" naye anasikia. Mwanamume anajifunza kuichukia hiyo imani kwa sababu imekuwa fimbo ya kumchapia. Acha hayo. Acha kumtumia mtoto kama tarishi. Kama una deni la siri, liseme. Kama uliwahi kumchafua kwa ndugu zake, nenda ukalirekebishe. Ukihitaji kuzungumza, mtafute mtu anayemheshimu yeye, si lazima avae kola. Anaweza kuwa kaka yake au rafiki wa kazini mwenye ndoa inayosimama.

Na uweke mpaka. Ukiona anachezea fedha za watoto au afya yako, sema utakachofanya na ukifanye. Upendo wa Kikristo haujawahi kumwamuru mtu anyamaze huku watoto wanalala njaa.

#14 Mdau wa Mbeya

Mama, la mwisho. Wasimamizi wetu wenyewe wametengana mwaka jana. Sasa tumwendee nani?

#15 Mleta uzi

Poleni sana, na mwaombeeni. Mwone mzee wa kanisa wa mtaa wenu, au mwinjilisti, mwambie mnataka wasimamizi wapya, mchungaji ataelewa. Ninyi wenyewe pendekezeni jina. Tafuteni watu wazima kidogo, ambao mmewahi kuwaona wakikoseana na wakaombana msamaha, wasiokuwa na deni kwenu wala ninyi kwao, na ambao siri hawaitoi kwenye kikundi cha kina mama. Mke aongee na mke kwanza, mume na mume, kisha wanne pamoja. Msianzie kwenu, anzieni kwao, ili mkikasirika muweze kuondoka.

Na mje na kaunta buku mpya. Mtaanza na madeni, ndiyo rahisi kuyaandika.